Zoezi la vipande kwenye saa ya GPS: lipange ukiwa nyumbani, barabarani usikilize tu

Jumanne ni siku ya vipande kwenye kikundi chetu cha mbio hapa Arusha: unakimbia kwa nguvu kwa muda mfupi, unapumzika kidogo, unarudia. Tunakutana saa kumi na moja na nusu alfajiri, bado giza, na karibu kila Jumanne kuna mtu anayebaki nyuma ameinamisha kichwa, kidole kwenye saa, anatafuta pa kuanzia. Wenzake wameshaanza kujipasha. Saa yake ni nzuri, pengine ni ya gharama kuliko zetu wote. Alichokosa ni dakika kumi za maandalizi ambazo zilitakiwa zitumike jana yake usiku, amekaa kwenye kochi, chai mkononi.

Mwongozo huu ni kwa ajili yake, na kwa yeyote aliyenunua saa ya GPS akaishia kuitumia kuhesabu kilomita tu. Mtu anayekimbia kwa nguvu hasa hawezi kusoma maandishi madogo. Mkono unarukaruka, jasho linaingia machoni, na akili yote iko kwenye pumzi. Kwa hiyo mpango mzima uingie kwenye saa mapema, na barabarani kazi yako ibaki moja: kusikia mtetemo na kuitikia.

Nitatumia zoezi moja mwanzo mpaka mwisho ili tusipotezane.

1. Liandike kwenye karatasi kwanza

Kujipasha, kama dakika 15.
Mara 6: dakika 3 kwa kasi, dakika 2 mchakamchaka.
Kupoa dakika 10.

Hiyo ni kama dakika 55 kwa jumla. Wengi wanarukia programu ya simu wakiwa na wazo nusunusu, wanaongeza hatua hapa, wanafuta pale, mwisho wanapata zoezi ambalo hata kocha wao hawezi kulitambua. Karatasi inakulazimisha ujue kila kipande kinaanza na nini na kinaishia wapi. Na hilo la kuishia wapi ndilo jambo zito kuliko yote, kwa hiyo tukae nalo kidogo.

2. Amua kipande kiishe kwa nini: muda, umbali au kitufe

Saa itakuuliza swali hili kwa kila hatua. Majibu matatu ya maana ni muda (dakika 3), umbali (mita 800) au mpaka ubonyeze kitufe. Wageni wa saa hizi huchagua umbali, kwa sababu wamezoea kusikia “mita 400 mara 10”. Barabarani, kwa vipande vifupi, huo ni uchaguzi mbaya, na sababu iko kwenye GPS yenyewe.

Saa yako inasikiliza setelaiti zilizo kama kilomita 20,200 juu yetu. Kutokana na muda ambao ishara zimetumia kufika, inakadiria ulipo, mara nyingi kila sekunde moja, kisha inaunganisha nukta hizo na kuziita njia uliyopita. Kila nukta inaweza kuwa imekosea kwa mita kadhaa. Ukikimbia kilomita 10 makosa mengi hufutana, moja kulia, jingine kushoto. Kwenye mita 200 hayana nafasi ya kufutana. Kosa la mita 6 tu hapo ni asilimia 3, na asilimia 3 ya kasi ya 4:50 kwa kilomita (dakika 4 na sekunde 50) ni karibu sekunde 9. Sekunde 9 ndizo zinazotenganisha kipande cha kukujenga na kipande cha kukuchosha bure. Ukipita chini ya miti mikubwa, kando ya majengo marefu au kwenye bonde lenye kuta, hali huwa mbaya zaidi, maana ishara inagonga kitu kwanza ndipo ifike mkononi. Saa mpya zinazopokea masafa mawili kwa pamoja hupunguza tatizo hili, japo hula chaji zaidi na haziliondoi kabisa.

Basi mimi nafanya hivi. Barabarani, kipande chochote kilicho chini ya kilomita moja nakipima kwa muda. Dakika 3 ni dakika 3, iwe chini ya mikaratusi au kwenye uwanda mtupu. Hivyo ndivyo wanavyofanya wakimbiaji wa Iten, Kenya, kwenye fatleki yao maarufu ya Alhamisi, zoezi la kubadilisha kasi bila kusimama: dakika moja kali na moja polepole, au mbili kwa moja, kwenye barabara za vumbi zenye milima, kwenye mwinuko wa kama mita 2,400, ambako hakuna aliyechora alama za mita. Kundi zima linasikia mlio, linaondoka. Linasikia mlio, linapunguza.

Vipande virefu, kama kilomita 3 za tempo (kasi kali kiasi unayoweza kuishikilia kwa muda mrefu), vinaweza kwenda kwa umbali bila shida.

Uwanjani ni habari nyingine. Mzunguko wa mita 400 kwenye mstari wa ndani umeshapimwa na watu kwa mkanda, kwa nini umwachie setelaiti aubahatishe? Weka kipande kiishe kwa kitufe, vuka mstari, bonyeza. Saa nyingi za miaka ya karibuni zina mtindo maalumu wa kukimbia uwanjani, unaokuuliza uko mstari wa ngapi. Jibu kwa ukweli, kwa sababu mstari wa nane wa uwanja wa kawaida unakaribia mita 453. Ukidanganya hapo, namba zote zitakazofuata ni za uongo.

Kujipasha pia nakiacha kiishe kwa kitufe, hata kama kwenye karatasi nimeandika dakika 15. Kuna siku kocha anachelewa, kuna siku mtu anafunga kamba za raba mara tatu. Ukiwa umeweka dakika 15 kamili, saa itaanza kipande cha kwanza wakati bado mnasalimiana.

3. Lijenge kwenye simu, si kwenye saa

Saa nyingi zinakuruhusu kutengeneza zoezi kwa vitufe vyake, lakini ni mateso. Tumia programu ya simu. Kwenye Garmin Connect, programu ya saa za Garmin, tafuta sehemu ya mazoezi iliyoandikwa “Workouts”, tengeneza jipya, chagua kukimbia. COROS, Polar na Suunto nao wana sehemu zao kwenye programu zao, na Apple Watch imepata uwezo wa kutengeneza mazoezi ya vipande tangu watchOS 9, toleo la mfumo wake la mwaka 2022. Majina ya menyu hubadilika kila toleo, ila mpangilio ni uleule: hatua, muda wa hatua, lengo la hatua.

Weka kujipasha. Halafu usiandike vipande sita kimoja kimoja. Tafuta alama ya kurudia, weka ndani yake hatua mbili tu, dakika 3 kali na dakika 2 polepole, kisha andika 6. Siku kocha akisema leo ni nane, utabadilisha namba moja badala ya kuongeza mistari minne.

Lipe jina fupi. Skrini ya saa ni ndogo na jina refu hukatwa katikati. Nimewahi kuwa na mazoezi matatu yaliyoonekana yote “Mazoezi ya Jum…” na alfajiri nikachagua la Jumamosi. Sasa naandika 6x3 kali, basi. Programu kadhaa pia zinakuruhusu kuandika neno kwenye hatua, likajitokeza kipande kinapoanza. Mimi huandika “mabega”, maana nikichoka mabega yangu hupanda mpaka masikioni.

Ukimaliza, tuma kwenye saa, kisha ufungue saa uhakikishe limefika. Usiamini kwamba limefika kwa sababu simu imesema limetumwa.

Kama saa yako ni ya bei ya chini au ya mtumba na haipokei mazoezi kutoka kwenye simu, usikate tamaa. Nyingi zina kipengele cha vipande vya kawaida: muda wa kazi, muda wa kupumzika, idadi. Kwa zoezi letu hicho kinatosha kabisa. Jipashe mwili kwanza ukiwa na mbio za kawaida, kisha uanzishe vipande.

4. Lengo la kasi: liwe pana, na lisiwe kila mahali

Saa inaweza kupiga kelele ukienda nje ya kasi uliyoiwekea. Ni msaada mkubwa, na pia ndicho kitu kinachowafanya watu waichukie saa.

Tuseme unamaliza kilomita 10 kwa dakika 50, yaani 5:00 kwa kilomita. Kwa vipande vya dakika 3 unaweza kuweka kati ya 4:40 na 5:00. Ukiweka 4:48 hadi 4:52, saa italia muda wote, si kwa kuwa unakimbia vibaya bali kwa kuwa GPS yenyewe inayumba kuliko upana huo. Sekunde 20 za nafasi ndizo zinazonifaa mimi kwenye barabara tambarare.

Kwenye mapumziko usiweke lengo lolote. Mapumziko ni mapumziko. Tembea, fanya mchakamchaka, shika magoti kama inabidi. Saa isikusimange kwamba unapumzika taratibu mno.

Kwenye vilima acha kabisa lengo la kasi. Barabara ya kupanda kuelekea Meru haijui 4:50 ni nini. Huko nenda kwa muda na kwa kusikiliza pumzi. Vilevile kasi uliyoipima Dar es Salaam usiilete Arusha siku ya kwanza. Hapa tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na miguu itakudai.

Vipi kuhusu mapigo ya moyo kama lengo? Kwa mbio ndefu za taratibu, vizuri sana. Kwa vipande vya dakika moja hadi tatu, hapana. Moyo hupanda kwa kuchelewa, na kihisi cha mwanga kilicho chini ya saa huchelewa juu ya kuchelewa kwake, hivyo unapofikia namba uliyoiweka kipande kinakaribia kwisha. Wanaoifuata namba hiyo huondoka mbio mno dakika ya kwanza, wakidhani wako nyuma. Mkanda wa kifuani hupima vizuri zaidi, ila nao hauwezi kuuharakisha moyo.

Na kama unaona kelele zote hizi zinakuvuruga, kimbia bila lengo lolote, saa ikuambie tu anza na acha. Mtanzania Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, New Zealand, Februari 1974, kwa 3:32.2. Garmin Forerunner ya kwanza, saa ya GPS ya wakimbiaji, ilitoka mwaka 2003. Kasi ilikuwa ndani ya mwili wake, na wewe pia unaweza kuijenga ndani ya wako.

5. Panga skrini moja yenye vitu vitatu

Saa inaweza kuonyesha vitu sita kwa pamoja. Usikubali. Weka vitatu, vyenye namba kubwa: muda uliobaki kwenye kipande, wastani wa kasi wa kipande hiki, na namba ya kipande kama ipo.

Zingatia neno wastani. Kasi ya papo hapo hupandapanda na kushuka hata ukiwa unakimbia sawasawa, kwa sababu inatokana na nukta chache za mwisho, na saa huilainisha kwa hesabu zinazoichelewesha kwa sekunde kadhaa. Unaondoka kwa kasi, skrini bado inasema 6:10, unaongeza, unaongeza tena, kisha ghafla inasema 4:05 na pumzi imeshakwisha. Wastani wa kipande unaanza upya kila kipande, na baada ya sekunde 30 hivi unatulia. Huo ndio wa kuutazama, mara moja au mbili tu.

6. Zima vinavyojiendesha

Hapa ndipo mazoezi mengi yanapoharibikia.

“Auto Pause”, inayosimamisha saa yenyewe ukisimama, izime. Mwenzetu mmoja alikuwa akipumzika amesimama, mikono kiunoni, sote tukimsubiri. Dakika mbili zikapita, tatu, saa yake kimya. Tulipoitazama, muda ulikuwa umeganda. Saa ilihisi amesimama, ikasimamisha kila kitu, pamoja na hesabu ya mapumziko yenyewe. Ilikuwa inamsubiri akimbie, naye anaisubiri imwambie akimbie.

“Auto Lap”, inayokata kipande yenyewe kila kilomita, nayo izime unapotumia kitufe uwanjani. Niliwahi kukimbia mizunguko mitatu ya mita 400, na nilipofika kama kilomita moja saa ikakata kipande yenyewe na kuanza kuhesabu upya. Niliwahi mstari wa mwisho nikiwa na muda wa mita 200 tu mkononi.

Zima meseji za simu, au simu yenyewe iweke kwenye hali ya kutosumbua. Mtetemo wa WhatsApp na mtetemo wa kipande kwisha ni mtetemo uleule kwa mkono uliochoka. Na kama saa ina skrini ya kugusa, ifunge isiguswe wakati wa zoezi. Mkono wa jaketi uliolowa mvua unaweza kubonyeza chochote.

7. Lijaribu uani

Hatua hii nimeigundua kwa shida na ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Tengeneza zoezi dogo la kujifunzia: kujipasha mpaka ubonyeze kitufe, kisha mara 3 sekunde 20 na sekunde 15, kisha kupoa mpaka ubonyeze kitufe. Toka nje na kandambili zako, anzisha, tembea ukizunguka nyumba. Haimalizi dakika tatu.

Sikiliza. Saa inatoa ishara ngapi kabla ya kipande kuanza? Nyingi huhesabu sekunde chache za mwisho, halafu mlio mrefu. Je, unauhisi mtetemo bila kutazama? Kama hauhisi, kaza mkanda au ongeza nguvu ya mtetemo.

Kisha bonyeza LAP, kitufe cha kukata kipande, katikati ya kipande kwa makusudi, uone. Kwenye saa nyingi kitufe hicho, zoezi likiwa linaendelea, huruka kwenda hatua inayofuata, na hakuna kurudi nyuma. Ni bora ujue hilo ukiwa na kandambili kuliko kwenye kipande cha nne.

8. Alfajiri yenyewe

Chaji tangu usiku, mapema, maana umeme ukikatika saa tano usiku hutakuwa na la kufanya. Kabla ya kulala unganisha saa na simu. Pamoja na zoezi, saa hupokea pia makadirio ya setelaiti zitakuwa wapi siku zinazofuata, na kesho itazipata upesi.

Asubuhi fungua hali ya kukimbia ukiwa nje, mahali pa wazi, usimame. Setelaiti hurudia taarifa za mahali ilipo kila baada ya sekunde 30, hivyo saa isiyo na makadirio inahitaji angalau muda huo ikiwa na anga safi. Watu huanza kukimbia huku saa bado inatafuta, kisha wanailaumu kwa kilomita ya kwanza. Mimi hutumia dakika hiyo kuzungusha viungo. Mkanda uwe juu kidogo ya mfupa wa kifundo cha mkono, ukiwa umebana bila kuumiza.

Fungua zoezi lako, lisome jina, anza.

Kipande cha kwanza kimbia kama unakizuia. Saa ikikutikisa, punguza pale pale, usiongeze hatua tano za heshima. Ng'ombe wakikatiza barabara au bodaboda ikikubana, usisimamishe saa. Pita, endelea, kipande hicho kitakuwa kibovu kwenye namba na hakuna ubaya. Kikundi chenye saa kumi kina milio kumi isiyolingana, kwa hiyo chagueni saa moja ya kuongoza na wengine waiitikie.

Kama bado hujanunua

Dukani usianze na ramani wala muziki. Shika saa, lowesha kidole, funga macho, jaribu kubonyeza kitufe cha kuanza na kile cha LAP. Saa yenye vitufe vya kweli, vinavyozama ukivibonyeza, itakutumikia kwenye mvua za masika na ukiwa umelowa jasho. Ya kugusa peke yake itakusumbua. Uliza kama inapokea mazoezi kutoka kwenye simu. Uliza kama mtetemo wake unahisika. Hayo yakiwepo, ya bei ya kati inatosha.

9. Nyumbani, soma jedwali la vipande

Hifadhi kwanza, ndipo uoge. Kisha fungua simu, pita ramani, pita jumla ya kilomita, nenda kwenye orodha ya vipande. Linganisha cha kwanza na cha sita. Kama cha kwanza ni 4:38 na cha sita ni 5:12, ulianza kwa pupa, wiki ijayo sogeza lengo liwe 4:50 hadi 5:10. Kama vyote viko kati ya 4:45 na 4:55 na cha mwisho ulikimaliza ukiwa bado na neno la kumwambia mwenzako, ongeza kipande cha saba na uache kasi ilivyo. Badilisha namba hiyo papo hapo kwenye programu, tuma kwenye saa, na Jumanne ijayo utalikuta linakusubiri.